Kula na Kuzunguka Barbados: Mwongozo kwa Anayekwenda Mapumziko

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibiani. Urefu wake ni kilomita 34 hivi, upana 23, na eneo lake lote ni karibu robo ya Unguja. Kwa udogo huo unaweza kulala sehemu moja wiki nzima, kila asubuhi ukaenda pembe nyingine ya kisiwa, na jioni ukawa umesharudi. Wageni wengi hawafanyi hivyo. Hulipia hoteli yenye kila kitu ndani, hula chakula kile kile siku saba, huonyeshwa kisiwa kupitia dirisha la teksi, kisha huondoka. Inasikitisha, kwa sababu chakula kitamu cha Barbados hakipikwi hotelini. Kinapikwa kwenye vibanda vya pwani, kwenye magari ya chakula kando ya barabara na kwenye vilabu vidogo vya mbao vijijini.

Shauri langu kubwa ni moja: mlo upange kwa siku ya wiki, safari ipange kwa basi. Kila siku hapa ina chakula chake, na basi la nauli moja linakufikisha karibu kila mahali kinapopikwa. Bei zote nilizotaja hapa ni kwa dola za Barbados, isipokuwa pale niliposema vinginevyo.

Hatua ya 1: Weka sawa karatasi na fedha kabla ya kuondoka

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda hawahitaji viza ya Barbados kwa ziara fupi ya utalii. Viza inayowakwamisha wengi ni ya njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, kwa hiyo utapitia Ulaya au Amerika Kaskazini. Ukipitia Marekani au Kanada, viza ya kupita ni lazima kwa pasipoti zetu hata kama hutoki uwanjani. Ukipitia London, soma masharti ya Uingereza kwanza kabla ya kulipia tiketi. Kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza, Kanada au Marekani mambo ni mepesi zaidi, maana London, Toronto, New York na Miami zote zina ndege za kwenda Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, moja kwa moja. Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano abebe kile kitabu cha chanjo cha njano, na akiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa.

Fedha ni rahisi kuelewa. Tangu mwaka 1975 dola ya Marekani ni sawa na dola 2 za Barbados, na kiwango hicho hakipandi wala hakishuki. Dola za Marekani hupokelewa madukani na kwenye vibanda, chenji hurudishwa kwa fedha ya kisiwa. Kadi hufanya kazi kwenye migahawa na maduka makubwa. Hata hivyo, chukua fedha taslimu za Barbados siku ya kwanza, hasa noti ndogo na sarafu, kwa sababu basi na kibanda cha samaki vinataka taslimu.

Unapoona bei, uliza kila mara: dola za wapi? Muuzaji akitaja 40 bila kufafanua, kwa kawaida anamaanisha za kisiwa. Kwenye teksi na safari za mashua, bei ya Marekani hutumika pia, na tofauti ni mara mbili.

Hatua ya 2: Lala pwani ya kusini

Pwani ya magharibi, kati ya Bridgetown na Speightstown, ina maji yaliyotulia na hoteli za matajiri. Pwani ya kusini, kuanzia Hastings kupita Rockley, Worthing na St Lawrence Gap hadi Oistins, ina mawimbi kidogo, nyumba za kupanga za bei ya wastani, na magari ya abiria yanayopita kila baada ya dakika chache. Mtu anayetaka kula vizuri na kutembea bila gari alale kusini. Hapo Rockley kuna ufuko unaoitwa Accra, na kutoka hapo kuelekea Hastings wamejenga njia ya mbao ya kutembea kwa miguu kando ya bahari. Asubuhi na mapema utakuta wenyeji wakifanya mazoezi, na watakusalimu.

Fukwe zote za Barbados ni za umma. Hoteli haiwezi kukufukuza mchangani, hata ikiwa ni ile ya bei ya juu kabisa ya magharibi. Unachoweza kukatazwa ni viti vyao na kupita katikati ya eneo lao, basi tafuta kichochoro cha umma kinachoshuka baharini.

Hatua ya 3: Toka uwanja wa ndege

Uwanja wa Grantley Adams uko kusini mwa kisiwa, katika parokia ya Christ Church (parokia hapa ni kama wilaya kwetu). Kama una mizigo mingi na umefika usiku, chukua teksi. Teksi za Barbados hazina mita. Nauli hupangwa kwa umbali, na hapo uwanjani kuna utaratibu wa kupanga teksi ambapo unaweza kuuliza bei kabla hujaingia. Taja mahali unapokwenda, sikia bei, kubali, ndipo upakie mabegi. Teksi halali ina namba ya usajili inayoanza na herufi Z.

Ukiwa na begi moja na jua bado lipo, vuka hadi barabarani nje ya uwanja upande basi. Utalipa sehemu ndogo sana ya nauli ya teksi.

Hatua ya 4: Zijue aina tatu za magari ya abiria

Hapa ndipo mgeni kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ana faida kubwa kuliko Mwingereza. Aliyekulia kwenye daladala na matatu hahitaji kufundishwa jinsi ya kusogea ili mwingine akae.

Aina ya kwanza ni mabasi ya serikali, ya Transport Board. Rangi yake ni bluu yenye mstari wa njano, na siku hizi mengi yanatumia umeme. Yanakwenda masafa marefu, yanafika vijijini, na ndani kuna utulivu. Sharti lake ni hili: dereva harudishi chenji. Nauli ni dola 3.50 kwa safari yoyote, ndefu au fupi, nawe uwe nayo kamili mkononi kwa fedha ya Barbados. Ukitoa noti ya 5 umeacha zilizobaki.

Aina ya pili ni mabasi madogo ya watu binafsi, ya njano yenye mstari wa bluu. Nauli ni ile ile, chenji inarudishwa, na muziki uko juu kidogo.

Aina ya tatu ni ZR, vile vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, vinavyoitwa hivyo kwa sababu ya herufi za usajili wake. Mwendo wake, muziki wake na konda wake utavitambua mara moja. Konda anachomoza mlangoni, anaita abiria, anapanga watu wanne pale ulipodhani wanaenea watatu, na gari linaondoka kabla hujakaa. Nauli ni 3.50 pia. Njia inayomfaa zaidi mgeni ni namba 11, inayotoka Bridgetown kwenda Silver Sands kupitia pwani yote ya kusini: Hastings, Rockley, Worthing, St Lawrence Gap, Oistins. Ukilala kusini, namba 11 itakuwa gari lako la kila siku.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Tafuta kibao cha kituo, nacho kina maneno ama "To City" ama "Out of City". La kwanza ni upande wa magari yanayokwenda Bridgetown, la pili ni upande wa yanayotoka huko. Ukisimama upande usio wako utasubiri na kusubiri, kwa hiyo soma kibao kwanza. Gari likikaribia, nyoosha mkono waziwazi. Dereva asiyeona mkono hasimami. Ukiingia, sema "good morning" au "good afternoon" kwa sauti ya kusikika. Wenyeji hufanya hivyo na abiria wengine hujibu. Kunyamaza huonekana ni kukosa malezi, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Kushuka, bonyeza kengele. Kwenye ZR yenye muziki mkubwa, paza sauti, au mwambie konda mapema unashukia wapi. Atakushusha, na mara nyingi atakuonyesha na njia.

Mjini Bridgetown, magari hayakai stendi moja. Mabasi ya serikali yaendayo kusini na mashariki huanzia Fairchild Street, na ZR za kusini ziko kwenye stendi ya Constitution River, jirani na hapo kwa mwendo wa miguu. Ya pwani ya magharibi kuelekea Holetown na Speightstown yana stendi nyingine upande wa pili wa katikati ya mji. Usione haya kuuliza. Muulize mama yeyote mwenye kikapu, atakupeleka hadi mlangoni. Kuna pia basi linalounganisha kusini na Speightstown bila kuingia mjini, nalo huokoa muda mwingi.

Kwenye njia kuu magari yapo hadi karibu saa sita za usiku. Jumapili hupungua sana, na njia za vijijini ndizo huathirika zaidi. Siku hiyo panga kukaa karibu.

Hatua ya 5: Panga mlo kwa siku ya wiki

Jumatatu hadi Alhamisi, kula chakula cha mchana kama wafanyakazi wa kisiwa. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi, magari ya chakula na vibanda hufungua, na foleni ya watu waliovaa sare za kazi ni ishara nzuri kuliko kibao chochote. Unapewa boksi: kuku wa kuoka, samaki au mchuzi wa nyama, na kando yake vitu viwili au vitatu. Pai ya makaroni, iliyookwa na jibini hadi juu ikawa kahawia, hupatikana kila mahali. Vilevile wali uliopikwa na mbaazi, viazi vitamu, ndizi mbivu za kukaanga, na shelisheli, lile tunda la mti linalopikwa kama kiazi.

Hiyo shelisheli isikupite. Ililetwa visiwa vya Karibiani kutoka Pasifiki mwaka 1793 ili iwe chakula cha bei nafuu cha watumwa, na leo wenyeji wanaiheshimu sana. Wanaichemsha na kuitia ndimu, tango na vitunguu, wanaiponda, wanaikaanga, na siku hizi vibanda vingi huichoma nzima juu ya moto wa mkaa hadi ganda liwe jeusi, kisha wanaipasua, wanatoa moyo wake na kujaza samaki au kamba ndani. Mtu wa Zanzibar atatambua harufu yake akiwa bado hajafika kibandani.

Kwa njaa ndogo kuna cutter, mkate wa mviringo wenye ganda gumu kidogo uliopasuliwa na kujazwa samaki, jibini, yai au nyama ya nguruwe. Pale Pebbles Beach, pembeni mwa Bridgetown, kuna kibanda cha Cuz ambacho cutter yake ya samaki imekuwa sababu ya watu kuvuka mji. Toleo la bei ya chini zaidi linaitwa bread-and-two: mkate huo huo na ndani yake vibibi viwili vya samaki wa chumvi vilivyokaangwa. Ongeza pilipili. Pilipili ya Barbados ni ya njano, imesagwa kwa pilipili mbuzi na haradali, nayo ni kali kweli. Anza na tone moja, hata kama kwenu mnakula pilipili tangu utotoni.

Roti utaikuta pia, ni chapati laini iliyofunga mchuzi wa bizari wa kuku, viazi au kamba. Chefette, mikahawa ya wenyeji iliyoanza mwaka 1972, inaiuza kote kisiwani, na kwa familia yenye watoto ni mahali salama pa kula haraka. Maduka makubwa ya Massy nayo yana kaunta ya chakula cha moto kilichopikwa siku hiyo. Kwa mtu anayebana matumizi, hapo ni bora kuliko kununua vyakula na kujipikia, kwa sababu bidhaa nyingi za dukani huagizwa kutoka nje na bei zake zinauma.

Alhamisi mchana, mwenye gari aende Martin's Bay, kijiji cha wavuvi upande wa mashariki katika parokia ya St John. Ni samaki, bahari yenye mawimbi, na watu wachache.

Ijumaa ni siku ya cou-cou, nacho ni chakula cha taifa. Msomaji wa Kiswahili atakielewa haraka kuliko mtalii yeyote: ni unga wa mahindi uliosongwa. Tofauti na ugali wetu ni bamia. Hukatwa vipande na kuchemshwa, kisha yale maji yake yenye utelezi huongezwa kidogo kidogo kwenye unga uliolowekwa, mpishi akisonga mfululizo kwa mwiko bapa hadi utoke laini, hauna hata donge. Bakuli hupakwa siagi, sima inawekwa ndani na kutikiswa ikae, kisha hupinduliwa kwenye sahani. Katikati wanabonyeza shimo kwa mgongo wa kijiko na kumimina mchuzi wa nyanya, vitunguu, majani ya thyme na ndimu. Juu yake wanalaza samaki panzi, yule anayeruka juu ya maji, minofu yake ikiwa imekunjwa na kupikwa kwa mvuke wa mchuzi huo. Huliwa kwa uma. Msimu wa panzi ni kuanzia Desemba hadi Juni. Miezi mingine utapewa wa kwenye friza au samaki mwingine, kwa hiyo uliza.

Jumamosi ni siku ya pudding and souse: viazi vitamu vilivyosagwa na viungo na kupikwa kwa mvuke, pamoja na nyama ya nguruwe baridi iliyolowekwa kwenye ndimu, tango na pilipili. Vilabu vya vijijini huweka kibao nje tangu asubuhi na mchana huisha. Kwa asiyekula nguruwe, Jumamosi ina jambo lake lingine zuri: soko la wakulima la Brighton, parokia ya St George, ambalo huanza alfajiri na saa nne asubuhi wameshafunga. Utapata kahawa, mikate, matunda na mboga za shambani.

Jumapili familia hula nyumbani na migahawa mingi hufungwa. Nunua chakula Jumamosi, au weka nafasi mapema kwenye mgahawa uliofungua.

Mwezi wa Novemba, kuelekea sikukuu ya uhuru tarehe 30, ulizia conkies. Ni unga wa mahindi, nazi, boga, viazi vitamu na viungo, vimefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Nje ya mwezi huo ni vigumu kuzipata.

Hatua ya 6: Ijumaa jioni nenda Oistins

Oistins ni mji wa wavuvi, na Ijumaa usiku vibanda vyake vya samaki hujaa wenyeji na wageni kwa pamoja. Fika mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, kabla ya mabasi ya watalii. Ikishatimia saa mbili, foleni ya vibanda maarufu inaweza kukuchosha kabisa. Usiogope kibanda chenye foleni fupi. Samaki wote wanatoka maji yale yale, na mpishi asiye na haraka mara nyingi hukaanga vizuri zaidi.

Utaratibu wa kuagiza ni huu. Kwanza chagua samaki: jodari, nduaro, nguru, au felusi, ambaye kwenye ubao huandikwa "dolphin". Huyo si pomboo, agiza kwa amani. Pili, sema wa kuchoma au wa kukaanga. Mimi ningekushauri felusi wa kuchoma, maana nyama yake hubaki na maji, ilhali jodari akizidishwa moto hukauka. Tatu, chagua vya kando viwili. Lipa, chukua namba, tafuta benchi. Sahani moja kwa kawaida ni kati ya dola 35 na 50, nayo inashibisha watu wawili wenye njaa ya kawaida.

Baada ya kula usikimbie. Upande mmoja kuna jukwaa na muziki wa vijana. Upande mwingine, watu wazima hucheza dansi za zamani wawili wawili, mashati yamepigwa pasi, hatua zimepangwa. Wanacheza kwa ajili yao wenyewe, si maonyesho ya watalii. Kaa hapo. Kurudi ni rahisi, kwa maana namba 11 hupita barabara hiyo hiyo.

Kimbunga Beryl kilipopita kusini mwa kisiwa tarehe 1 Julai 2024 kiliharibu mashua nyingi za uvuvi. Wavuvi walipata hasara kubwa, na kila sahani unayonunua kwenye kibanda cha mwenyeji ina maana kwao.

Hatua ya 7: Kwa asiyekula nguruwe

Tahadhari hapa ni muhimu, kwa sababu nguruwe hujificha. Wali na mbaazi mara nyingi hupikwa na kipande cha nyama ya chumvi au mkia wa nguruwe ili kupata ladha, ingawa hutakiona kwenye sahani. Supu vilevile. Uliza waziwazi, "Kuna nyama yoyote kwenye huu wali?", wala usiridhike na jibu la kwamba ni wali tu. Ukiwa na shaka, chagua pai ya makaroni, viazi, ndizi au shelisheli ya kuchoma. Samaki wa kuchoma kwenye jiko lake peke yake ndiye mlo wa uhakika.

Kisiwa kina jamii ya Waislamu, wengi wao asili yao ni Gujarat, India, na Bridgetown kuna msikiti kwenye barabara ya Kensington New Road. Ukienda kuswali Ijumaa, waulize waumini ni wapi wananunua nyama ya halali. Watakuelekeza vizuri kuliko ramani ya simu. 

Kuhusu vinywaji, huna haja ya kunywa ramu ili ufurahie kilabu cha kijijini. Agiza mauby, kinywaji cha magome ya mti yaliyochemshwa na viungo, kitamu mwanzoni na kichungu baadaye. Au juisi ya embe ng'ong'o, ambayo wenyeji huiita golden apple. Madafu huuzwa kando ya barabara, na maji ya bomba ni salama kunywa, kwa hiyo beba chupa yako na usinunue maji.

Hatua ya 8: Siku moja au mbili, kodi gari

Basi linatosha kwa pwani ya kusini, mji na magharibi. Kwa kaskazini ya mbali, mashamba ya kati na pwani ya mashariki, gari litakupa uhuru wa kusimama. Barbados huendesha upande wa kushoto, usukani kulia, kwa hiyo Mkenya, Mtanzania au Mganda hatapata taabu. Leseni yako peke yake haitoshi. Lazima upate kibali cha dereva mgeni, na kampuni ya kukodisha itakutolea kwa ada. Gari la kukodi linatambulika kwa namba inayoanza na H, nayo huwafanya wenyeji wakuvumilie unapositasita kwenye kipilefti.

Vipilefti ni vingi mno kwenye barabara kuu ya ABC, inayotoka uwanja wa ndege kuzunguka nje ya mji. Mwendo wa juu hapo ni kilomita 80 kwa saa, kwingine 60 au chini yake. Barabara za ndani ni nyembamba, zinapita katikati ya mashamba ya miwa iliyorefuka kuliko gari, na kona hazionekani. Piga honi fupi unapoikaribia kona. Ukipigiwa honi mbili nyepesi, mara nyingi ni salamu au shukrani, si ugomvi. Epuka kuingia Bridgetown asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi.

Hatua ya 9: Nenda Bathsheba, lakini usiogelee

Bathsheba ni pwani ya mashariki, uso kwa uso na Atlantiki, yenye miamba mikubwa iliyosimama majini. Wateleza juu ya mawimbi kutoka nchi nyingi huja hapo. Mkondo wake ni mbaya, kwa hiyo mgeni akae kwenye vile vidimbwi vilivyozungushiwa mawe, aache bahari yenyewe. Basi la serikali hufika huko kutoka Fairchild Street kwa muda wa saa moja hivi, likipanda na kushuka vilima vya St Joseph. Ukishuka, muulize dereva papo hapo la kurudi la mwisho ni saa ngapi.

Kwenye fukwe nyingi kuna mti unaoitwa manchineel, wenye vitunda vya kijani vinavyofanana na tufaa dogo. Tunda lake ni sumu, na utomvu wake huunguza ngozi. Usikae chini yake mvua ikinyesha. Mingi imechorwa alama nyekundu kwenye shina. Waonyeshe watoto mapema.

Hatua ya 10: Usiku mmoja wa mgahawa mkubwa

Kama mfuko unaruhusu, chagua jioni moja, weka nafasi siku kadhaa kabla, hasa kati ya Desemba na Aprili ambapo kisiwa hujaa, na omba meza ya upande wa bahari. Jua huzama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo meza ya saa kumi na mbili kasorobo ni bora kuliko ya saa mbili. Mwanaume avae suruali ndefu na shati lenye kola.

Bili ikija, isome yote. Migahawa mingi huongeza asilimia 10 ya huduma, na ikiwa imeshaandikwa hulazimiki kuacha bakshishi nyingine. Kwenye vibanda haidaiwi, lakini sarafu zilizobaki kwenye chenji hupokelewa kwa furaha.

Mambo machache ya mwisho

Nguo za mabaka za kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kofia, hata suruali ya mtoto. Ni sheria, na uwanja wa ndege wanaweza kukunyang'anya. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Dukani na kwenye basi jifunike. Umeme ni volti 115 na plagi ni za Kimarekani, kwa hiyo angalia chaja yako kabla ya kuichomeka.

Chupa ya pilipili ya njano unayopeleka nyumbani ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye begi kubwa, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi watakuzuia. Dola za Barbados zilizobaki zitumie au zibadilishe kabla ya kupanda ndege. Ukishatoka kisiwani, ni vigumu kupata wa kuzipokea.